Hofu Hutafuta Mtu

Kila mara tunapopanga jioni ya sinema, swali lile lile huzuka kabla ya viti kuwekwa mahali pake: je, yafaa vijana kutazama filamu za kutisha? Wazazi wengine hujibu upesi kwamba haifai, kwa kuwa mtoto aliyeshiba picha za wafu usiku hulala taa ikiwaka, na asubuhi hana akili ya masomo. Vijana nao hujibu upesi kwamba ni mchezo tu, na kwamba mwenye kuogopa afumbe macho. Sisi hatukuridhika na jibu la upande wowote. Ndiyo sababu tuliamua kutazama pamoja, katika ukumbi wetu, filamu moja ambayo umri wake umepita miaka 100. Haina rangi kama tulizozizoea, haina sauti ya mtu hata moja, damu haimwagiki ndani yake kama katika filamu za leo, na bado inatisha. Twataka kueleza hapa tuliyoyaona, na zaidi ya yote jambo moja lililotuaibisha.

Filamu hiyo ni Nosferatu. Ilitengenezwa Ujerumani na Friedrich Wilhelm Murnau, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 4 Machi 1922. Mchezo uliandikwa na Henrik Galeen. Mavazi na mapambo yalikuwa kazi ya Albin Grau. Hadithi ilichotwa katika Dracula, riwaya ya mwaka 1897 ya Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, lakini ilichotwa pasipo ruhusa, na kubadilisha majina ya watu hakukutosha kuficha jambo hilo. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alishtaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imekwisha kufilisika, wala haikupata kutoa filamu ya pili. Tunayoitazama leo imetufikia kwa sababu nakala kadhaa ziliponyoka amri ile.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mwaka 1838, katika mji wa bandari uitwao Wisborg, mji wa kubuniwa, kijana Hutter anatumwa na bwana wake Knock, dalali wa nyumba, aende mbali mlimani kumwuzia nyumba tajiri mmoja aitwaye Orlok. Hutter anamwacha mkewe Ellen, anakwenda akicheka. Katika nyumba ya wageni anataja jina la Orlok, na watu wote wananyamaza. Anakuta kitabu kinachoeleza habari za wafu wanyonyao damu. Anakisoma kidogo, anacheka tena, anakitupa. Anafika ngomeni na kumkuta mwenyeji wake: mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio ya popo na kucha zinazozidi kurefuka. Hutter anapojikata kidole akikata mkate, Orlok anakimbilia damu ile. Hata hivyo mkataba unatiwa sahihi. Nyumba aliyoichagua Orlok inatazamana na nyumba ya Hutter na Ellen.

Kisha Orlok anasafiri baharini ndani ya jeneza lililojaa udongo, pamoja na panya wengi. Mabaharia wanakufa mmoja baada ya mwingine. Merikebu inaingia bandarini polepole, pasipo mtu aliye hai wa kuiongoza, na tauni inaingia mjini pamoja nayo.

Wasomaji wengine watasema: hadithi kama hizi tunazo. Ni kweli. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walimsimulia mumiani, na wazee wetu wa Katanga walimsimulia mutumbula, aliyevizia watu gizani. Hakuna taifa lisilo na hadithi yake ya mwenye kuja usiku kunywa uhai wa wengine. Lakini kwa nini tunapenda kuzisikiliza? Hapa ndipo tulipoanza kujifunza kitu.

Tulitazama vijana wetu wakitazama. Mwanzoni walicheka: nguo za kizamani, watu wanaorusha mikono hewani kwa sababu hawawezi kusikika, maandishi yanayokatiza picha ili kutuambia nani amesema nini. Gari la farasi linalomchukua Hutter lilipita mbio kupita kiasi, na msitu ukageuka mweupe kama mifupa, kwa sababu Murnau alituonyesha pale picha iliyogeuzwa, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi. Hapo kicheko kilipungua. Merikebu ilipoingia bandarini, ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna aliyepiga kelele katika picha ile. Hakuna kinachotendeka ila tanga na maji, na chombo kinachojiendea. Walionyamaza ni wale wale waliozizoea filamu za leo, ambamo kila baada ya dakika chache kitu huruka kutoka gizani na mlio mkubwa.

Tunadhani siri ni hii: filamu ile inaonyesha kidogo na kutuachia kazi ya kujaza. Orlok haonekani kwa muda mrefu. Mara nyingi tunaona kivuli chake tu, kikipanda ngazi, vidole vikinyooka juu ya ukuta. Kivuli hakina uso, na kwa hiyo kila mtazamaji hukipa uso wa jambo analoliogopa yeye mwenyewe. Hofu ya namna hiyo ina utamu wake, kwa sababu tunaionja tukiwa tumeketi salama, bega kwa bega na wenzetu. Mtoto huomba nyanya yake amsimulie tena hadithi ya zimwi, kisha humsogelea akisikiliza; anataka kuijua hofu akiwa mahali ambapo mkono wa nyanya upo karibu. Hatuoni dhambi katika hilo. Kuujaribu moyo kidogo kidogo ni sehemu ya kukua.

Waliotengeneza filamu hiyo, na waliokwenda kuitazama, hawakuwa wageni wa hofu. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, mwaka 1918, na Murnau mwenyewe alikuwa rubani katika vita hivyo. Mara baada ya vita, na hata kabla havijaisha, homa ya mafua ilipita duniani ikiua mamilioni ya watu, Ujerumani na hata huku kwetu Kongo. Basi mtazamaji wa Berlin alipoona milango ya Wisborg ikitiwa alama za msalaba kwa chaki, na watu weusi kwa mavazi wakibeba majeneza katika njia nyembamba, hakuwa akitazama hadithi ya mbali. Alikuwa akitazama mwaka wake. Kifo kilichokuwa hakionekani kilipewa mwili, masikio na kucha, ili kiweze kutazamwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuaibisha.

Katikati ya tauni, Knock, yule dalali, anatoroka chumba cha wagonjwa wa akili alimofungiwa. Neno linaenea mjini kwamba yeye ndiye sababu ya msiba. Watu wanatoka majumbani, wanaume kwa watoto, wanamfukuza barabarani. Anapanda juu ya paa, wanamtupia mawe. Anakimbilia mashambani, nao wanamfuata mbio, mpaka wanamwona amesimama mbele yao. Wanamrukia, wanamrarua vipande vipande. Kumbe walichorarua ni sanamu ya majani iliyowekwa shambani kufukuza ndege.

Katika ukumbi wetu, vijana waliinuka vitini. «Mkamateni! Mkamateni!» Na sisi tuliokuwa tumeandaa jioni ile, sisi tuliokuwa na wajibu wa kuongoza mazungumzo, tulipiga makofi pamoja nao. Tulikuwa tumekaa karibu saa nzima na hofu isiyo na mahali pa kwenda. Tulipopewa mtu wa kumkimbiza, tulifurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka wakati ule kwamba tauni haikuletwa na Knock. Aliyeileta alikuwa amelala ndani ya jeneza lake, katika nyumba inayotazamana na ya Ellen, wala hakuna aliyekuwa akimtafuta huko. Knock si mtu mwema. Ni mtumishi wa Orlok, na ndiye aliyemtuma Hutter mlimani. Lakini hata kama wangemwua, majeneza yangeendelea kupita.

Taa zilipowashwa, msichana mmoja wa kikundi chetu, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aliuliza: «Tulikuwa tunashangilia nini?» Hakuna aliyemjibu. Makala hii imeandikwa kwa sababu ya swali lake.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulijua siku ile, tukalijua baadaye. Aliyeigiza Knock ni Alexander Granach, Myahudi aliyezaliwa Galicia. Galeen, mwandishi wa mchezo, alikuwa Myahudi pia. Miaka 11 baada ya filamu kuonyeshwa, yaani mwaka 1933, Wanazi walitwaa utawala wa Ujerumani, na watu hawa wawili walilazimika kuikimbia nchi ile. Granach alifia New York mwaka 1945. Mtu aliyekimbizwa na umati katika mchezo alikuja kukimbizwa kwa kweli. Na mwaka 1940 watawala wale walitoa filamu ya propaganda iliyoweka picha za panya kando ya picha za Wayahudi, ili mtazamaji ajifunze kuwachukia binadamu kama achukiavyo panya wa tauni.

Wapo wasomi wanaosema kwamba Orlok mwenyewe, mgeni atokaye mashariki na pua yake ndefu na panya wake, alifanana tayari na vikaragosi ambavyo wenye chuki walivichora juu ya Wayahudi. Hatudai kwamba Murnau alikusudia hivyo. Alifanya kazi na Wayahudi na kuwapa nafasi kubwa. Lakini picha hukaa rohoni hata pale ambapo mchoraji hakukusudia. Anayempa hofu mwili wa mgeni, hajui ni nani kesho atakayeokota picha ile na kuitumia.

Vijana wapenzi, hatuna haja ya kwenda Wisborg kuona umati ule. Tauni ya filamu tuliijua kwa jina jingine. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilipita Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 2,287 walikufa. Pamoja na ugonjwa zilitembea habari za uongo: kwamba ugonjwa haupo, kwamba waganga ndio wanaouleta, kwamba ni biashara ya watu fulani. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili mwaka ule ule daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun aliyekuja kusaidia, aliuawa kwa risasi huko Butembo. Hatusemi kwamba wenyeji wa Beni na Butembo hawakuwa na sababu ya kutoamini. Watu walioona jamaa zao wakichinjwa miaka mingi pasipo mlinzi, wakamwona mlinzi anakuja kwa haraka siku ya ugonjwa mmoja, wana haki ya kuuliza maswali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini moto uliowashwa Katwa haukumchoma aliyewakosea. Ulichoma vitanda vya wagonjwa.

Na kuna umati mdogo zaidi, usiofika magazetini. Mtoto anafiwa na wazazi, anapelekwa kwa shangazi; mwaka ule shangazi anapoteza kazi, mdogo wa nyumba anaugua, na mtu mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu ana macho mabaya. Kuanzia siku ile kila kikombe kinachovunjika ni ushahidi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, nayo inaweka adhabu. Hata hivyo watoto wanaendelea kulala sokoni, na mabibi wazee wanaendelea kuhama mitaa kwa sababu ya nywele nyeupe na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Katika mtaa wa mmoja wetu, bibi wa namna hiyo alifukuzwa miaka michache iliyopita. Tulikuwapo. Hatukurusha jiwe, tulisimama pembeni tukatazama, kama mtu anavyotazama sinema.

Hofu ya kweli na hofu ya ukumbini zinafanana katika jambo hili: zote mbili hazipendi kukaa pasipo mtu. Njaa haina uso. Homa haina uso. Vita vina nyuso nyingi mno, na zenye nguvu ziko mbali. Basi moyo uliochoka kuogopa hutafuta uso ulio karibu, dhaifu, usio na ndugu wa kumtetea, na kuukuta hapo hushangilia. Wazee wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na neno hilo ni la hekima likituelekeza kuchungulia nguo zetu wenyewe. Tumelitumia mara nyingi mno kuchungulia nguo za jirani.

Mjini Wisborg ni mtu mmoja tu asiyekimbia na umati. Ni Ellen. Hutter amerudi na kile kitabu, akamkataza asikisome. Anakisoma. Anajua humo kwamba mnyonya damu ataangamia ikiwa mwanamke mwenye moyo safi atamfanya asahau wimbo wa jogoo hadi jua lichomoze. Anatazama dirishani, anaona majeneza yakipita, anaelewa. Usiku unaofuata anafungua dirisha. Kivuli kinapanda ngazi, mkono wa kivuli unafumba juu ya moyo wake. Alfajiri jogoo anawika, mwanga unaingia, na Orlok anageuka moshi. Ellen naye anakufa, tauni inakoma.

Juu ya mwisho huu hatukukubaliana, na twaona vema kuwaachia mabishano yale. Wengine kati yetu walimsifu Ellen kwa sababu yeye peke yake alisoma, akatazama upande uliokuwa na hatari ya kweli, wala hakumtupia mtu jiwe. Mabinti wa kikundi walisema: mwanamume alicheka, mwanamume alitia sahihi, na msichana akalipa; hadithi za namna hii tumezichoka. Tunawapa haki. Kutoa uhai kwa ajili ya wengine ni tendo kubwa pale mtu anapojitoa mwenyewe. Likigeuzwa kuwa desturi kwamba wanawake walipe madeni ya wanaume, limeharibika. Laiti Hutter asingalicheka katika ile nyumba ya wageni, Ellen angaliishi. Tunachochukua kwa Ellen ni dirisha lililofunguliwa na kitabu kilichosomwa. Kifo chake tusikifanye deni la binti yeyote.

Basi turudi kwa swali la mwanzo. Je, inafaa? Kwa watoto wadogo, hapana. Wazazi wana haki, na hatutawaalika. Kwa ninyi mliokwisha kukua, tunasema ndiyo, kwa sharti moja: msitazame na kuondoka. Mfilisi wa mazungumzo ni yule anayezima mashine na kusema usiku mwema. Kaeni. Mwulizane mliogopa wapi, na kama mliogopa kitu au mtu. Mwulizane mlishangilia wapi, na nani alikuwa akikimbia wakati mliposhangilia. Kijana aliyewahi kujikamata akipiga makofi ukumbini ana nafasi nzuri zaidi ya kujikamata barabarani, siku mtaa utakapojaa mbio na mtu mmoja atakuwa mbele.

Siku ile haitakuwa na maandishi ya kutuambia nani amesema nini. Kutakuwa na vumbi, kelele na jina la mtu. Tunawasihi, na tunajisihi wenyewe, tusimame kidogo na kuuliza lile swali la msichana wetu: tunashangilia nini? Kisha mmoja wetu aende akasimame karibu na anayekimbizwa. Yule bibi wa mtaa wetu yu hai bado, anakaa ng'ambo ya mto kwa mtoto wa ndugu yake. Jumapili ijayo baadhi yetu tutakwenda kumwona. Hatujui tutamwambia nini; tumechelewa sana. Lakini tutakwenda.